Kasha Linaloingia

Amri ya serikali ya Julai 28, 2025 kuhusu biashara za wasio raia imetuletea makala nyingi kuliko kurasa tulizonazo, na karibu zote zinagombania kaunta: nani akae nyuma yake, nani aondolewe. Wasomaji wa jarida hili wanaijua orodha ya shughuli 15 zilizofungiwa wasio raia, kuanzia jumla na rejareja hadi uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na uchimbaji mdogo. Adhabu pia wanazijua: mgeni, faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita na kibali kufutwa, raia atakayembeba, milioni 5 au miezi mitatu. Sitaki kuirudia Kariakoo, soko la Dar es Salaam. Huku Kalangalala, Geita, tuko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pale, na nadhani umbali huo unatusaidia kuona jambo ambalo kelele za mtaa wa Kongo zinalificha.

Wiki mbili kabla ya toleo hili kwenda mtamboni nilikaa nusu saa kwenye meza ya fundi simu, jirani na ofisi yetu. Mteja alikuwa mchimbaji kutoka Nyarugusu, simu imemponyoka mdomoni mwa duara. Fundi aliilaza juu ya kibao cha moto mpaka gundi ya zamani ikalegea, akapenyeza kadi ngumu ya plastiki pembeni, akakibandua kioo polepole kama mtu anayebandua kigaga cha kidonda, kisha akasugua mabaki kwa mswaki uliochovywa petroli. Kioo kipya kilitoka kwenye kasha jembamba lililojaa maandishi ambayo sisi watatu hatukuweza kuyasoma. Akapaka gundi, akaifunga simu kwa raba tatu za kufungia noti, akaiweka kando ikauke. Kwa mujibu wa amri, kazi ile ni ya Mtanzania, na kijana yule ni Msukuma wa Sengerema asiyedaiwa na Uhamiaji hata senti. Lakini nilihesabu vilivyokuwa mezani: kibao, bisibisi, gundi, kioo, betri, waya wa chaji, kava, protekta. Cha Tanzania kilikuwa meza na mikono yake. Raba sikuuliza.

Huo ndio ugomvi wangu na amri hii, na pia na wanaoishangilia na wanaoilaani. Inauliza cheti cha kuzaliwa cha muuzaji, ila cha bidhaa hakiulizwi. Katika kifungu cha jumla na rejareja wameachiwa nafasi wenye supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani. Maneno hayo matatu ya mwisho, “wazalishaji wa ndani”, ni miongoni mwa machache katika orodha nzima yanayochungulia ndani ya kasha, nayo yamewekwa kama msamaha tu.

India waliulizana tofauti. Mwaka 2012 walimruhusu mgeni kumiliki duka la chapa yake mwenyewe kwa asilimia 100, ila akishavuka asilimia 51 ya umiliki, asilimia 30 ya thamani ya bidhaa zake inunuliwe humo humo nchini. Pasipoti ya mwenye duka haikuwa tatizo. Apple, ambao simu zao ziliunganishwa China, walikwama hapo. Mwaka 2016 waliomba msamaha wa sharti hilo, wakaambulia nyongeza ya muda. Mwaka 2017 simu zao za kwanza zikaanza kuunganishwa Bengaluru. Agosti 2019 masharti yakalegezwa, hata vilivyonunuliwa India kwa ajili ya kuuzwa nje vikahesabika, na duka lao la kwanza likafunguliwa Mumbai Aprili 2023. Kuna watakaosema kanuni ile peke yake haikujenga kiwanda, kwamba ushuru wa forodha na ruzuku za serikali ndizo zilizovuta. Nakubali. Watasema pia kuunganisha si kutengeneza. Hilo nalo nakubali. Lakini mazungumzo yote yale, miaka kumi na moja, yalihusu kilichomo kwenye kasha. Indonesia walikwenda mbali zaidi: Oktoba 2024 waliizuia iPhone 16 isiuzwe kwa kutofikisha asilimia 40 ya maudhui ya ndani, na mwenye chapa akarudi mezani na ahadi kubwa kuliko alizoanza nazo.

Najua jibu. Wahindi ni zaidi ya bilioni moja. Sisi sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120, na Apple hawana hata duka la kututishia kulifunga. Simu iliyo mfukoni mwa mchimbaji wa Mgusu ni Tecno, Infinix au itel, zote tatu mali ya Transsion ya Shenzhen, ambao kiwanda chao cha Afrika wamekiweka Ethiopia. Basi simu tuiache kwa leo. Mimi nataka tuzungumzie ovaroli.

Wanaofanya biashara na migodi wanazijua Kanuni za Madini za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018. Zilipoanza, kampuni ya mzawa ilikuwa ile ambayo Watanzania wana asilimia 51 ya hisa. Mwaka uliofuata kiwango kikashushwa hadi asilimia 20. Nadhani sisi ndio pekee tuliowahi kumpunguza mzawa kwa zaidi ya nusu bila yeye kuugua. Tangu hapo kila anayehudhuria maonesho ya madini ya Bombambili ameona takwimu za manunuzi ya ndani zikipanda, na hazisemi uongo. Kampuni ya mzawa, chumba kimoja Nyankumbu, meza, kompyuta, mhuri, inaagiza ovaroli elfu kutoka Guangzhou na kuzifikisha getini. Ankara ni ya Geita. Kwenye taarifa inaandikwa “ndani”. Nguo yenyewe imevuka bahari ikiwa imeshapigwa pasi.

Sasa tazama barabara. Ovaroli ni pamba, uzi na zipu. Pamba inalimwa Shinyanga, Simiyu na hapa hapa Geita. Inachambuliwa kwenye jineri zetu, inafungwa marobota, na sehemu kubwa ya nyuzi hizo inapanda lori kwenda bandarini ikiwa ghafi. Lori la marobota na lori la ovaroli hupishana, pengine hata madereva hupungiana mikono. Ninayeandika haya nina umri wa kukumbuka kanga za Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, kwa hiyo msiniambie kwamba Kanda ya Ziwa haijui kufuma. Na kama mgodi ukitaka buti, ng'ombe wa Usukuma wanajulikana, na kiwanda cha Karanga kule Moshi wanashona viatu vya ngozi. Zipu tuagize. Nisingeona haya kuagiza zipu.

Wanaoniambia serikali haiwezi kuandika kanuni ya bidhaa wamesahau haraka. Machi 2017 tulizuia makinikia kwenda nje, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam kwa sababu tulitaka kujua kuna nini ndani. Tangu Oktoba 2024 mwenye leseni ya kuchimba au kufanya biashara ya dhahabu anatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa humu nchini, na Benki Kuu inanunua. Kasha linalotoka tunajua kulifungua, kulipima na kulikatia asilimia. Likiwa linaingia tunamtazama aliyelibeba usoni, tukimkuta ni ndugu yetu tunampisha.

Na ndugu yetu hupatikana kwa bei nafuu. Mwaka jana bwana mmoja mstaarabu alifika ofisini kwangu, akanywa chai, akaniuliza kama ningependa kuwa na duka la vifaa. Nilichotakiwa kutoa ni namba ya NIDA, TIN na sahihi. Yeye na wenzake wangeshughulikia mengine yote, nami ningepata changu kila mwezi bila kunyanyua hata boksi. Nilimwambia mimi ni mhariri. Akasema ndiyo, tunajua, tulitaka mtu anayeheshimika. Milioni 5 au miezi mitatu havimtishi mtu wa namna hiyo, maana kwenye karatasi kila kitu kingekuwa halali na cha kwangu. Lakini kama kanuni ingedai asilimia 30 ya mzigo itoke jineri ya Kahama, hiyo isingewezekana kuighushi kwa kikombe cha chai. Au niseme, ingehitaji chai nyingi zaidi.

Katika toleo hili: wakili wetu wa Mwanza anapinga karibu kila nililoandika hapo juu, akitumia Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ile ile ambayo Nairobi waliitaja walipolalamika, msomeni, ingawa anaandika kama vile itifaki ndiyo itakayotushonea ovaroli. Makala ya Kahama juu ya eneo la Buzwagi baada ya mgodi kufungwa ndiyo nzito kuliko zote, hasa kurasa zake za mwisho, na ndiyo iliyonifanya nitamani kuitupa hii yangu. Kuna barua kutoka Athi River, Kenya, kuhusu kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Oktoba 2023. Kuna mapitio ya vitabu viwili.

Picha ya jalada ilipigwa Nyankumbu, Jumapili asubuhi: ovaroli nane za bluu zimeanikwa kwenye kamba, mistari yake ya kung'aa ikipigwa na jua. Ya tatu kutoka kushoto upepo umeigeuza kola, na lebo inaonekana. Tulibishana ofisini kama tuikuze isomeke. Mpiga picha alikataa, akisema anayetaka ataiona.