Asilimia 100, au Usichape Kabisa

Nina ugomvi na kisanduku kimoja. Ukitaka kuchapa kitu, kwenye programu nyingi hufunguka dirisha ambalo ndani yake kuna chaguo limeshawekewa alama kabla hujagusa kitu: "Fit". Maana yake, mchoro upunguzwe hadi uenee kwenye karatasi.

Kwa barua ya kuomba kazi, sina neno. Kwa mchoro ambao mtu ataulaza juu ya ubao kisha akate, chaguo hilo ni hujuma. Na wa kulaumiwa si mtumiaji wala kijana wa saiba. Ni waandishi wa programu za kuchorea, wanaojua vizuri kwamba michoro yao ni ya kujengea vitu lakini wanaichapa kana kwamba ni kadi za harusi.

HESABU KWANZA

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Printa nyingi za mezani hazifiki ukingoni, huacha pambizo. Tuseme pambizo ni milimita 4.2 kila upande. Upana uliobaki ni 201.6, kwa hiyo programu inauminya mchoro wote hadi asilimia 96. Haikuulizi, haikuambii. Na ukiitazama karatasi huoni tofauti, maana jicho halijui kupima asilimia.

Subiri, hatujamaliza. Programu ikiwa imetoka Marekani, huenda ukurasa wake umepangwa kwa karatasi yao ya Letter, upana milimita 215.9. Ipeleke kwenye A4 na hiyo "Fit" yako, unapata kama asilimia 97 hata kabla ya kuhesabu pambizo.

Tena kuna Inkscape, programu ninayoipenda na kuitumia. Kabla ya toleo la 0.92 la mwaka 2017, ilihesabu nukta 90 kwa inchi, wakati vivinjari vya intaneti vinahesabu 96. Chukua faili la zamani, lifungue kwenye programu inayohesabu 96, na kipande cha milimita 400 kinaweza kutoka 375. Printa haina hatia hapo, kosa limeshaingia kabla karatasi haijavutwa.

WATU WA TRENI WALISHAMALIZA KAZI HII

Wanaojenga reli za mfano walilitatua tatizo hili zamani. Ndiyo, treni! Najua Amu hatuna reli. Mpango wa LAPSSET una reli ndani yake, na gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa 2021, lakini treni yenyewe hatujaiona. Hebu tuwatazame hata hivyo.

Kipimo chao maarufu ni 1:87. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina upana wa milimita 1435, kwa hiyo kwenye meza yao inakuwa 16.5. Ile reli ya zamani ya mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, inakuwa 11.5. Mjenzi huchora njia zake kwenye kompyuta, huchapa ramani kwa ukubwa kamili, huitandaza juu ya meza na kulaza reli juu yake. Wanaounda kwa mkono sehemu ambapo njia hugawanyika hupanga mataruma juu ya karatasi yenyewe. Sasa minya ramani hiyo hadi asilimia 96: ile 16.5 inakuwa 15.8. Mwenye kufuata mistari hiyo, magurudumu yake hayapiti.

Kwa hiyo programu zao zina adabu. XTrackCAD, ambayo ni ya bure na chanzo chake kiko wazi, huikata ramani vipande vipande vya karatasi na kuweka alama za kuunganishia. Templot humruhusu mtumiaji apime kosa la printa yake, kisha programu ilisahihishe. Yaani watu wanaojenga treni za kujifurahisha wana zana bora kuliko seremala anayelisha watoto kwa patasi. Hilo ndilo linaloniudhi.

TURUDI AMU

Mji wetu wa kale uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango ya nakshi ni sehemu kubwa ya sura yake. Mlango mpya kabisa hauhitaji kompyuta. Fundi ana bikari, penseli na kichwa chake, na mimi siwezi kumfundisha kitu. Matengenezo ni habari nyingine. Kipande kimoja cha fremu kikioza, kipya lazima kioane na nakshi ya vile vilivyobaki, ua kwa ua. Hapo ndipo picha, mchoro na karatasi vinaweza kumwokolea fundi siku nzima za kupima.

Nilimchorea fundi mmoja kipande cha namna hiyo: urefu milimita 1800, maua 15, kila ua na nafasi yake ya milimita 120. Karatasi saba za A4, zikiunganishwa kwa gundi. Zilichapwa kwenye duka moja (silitaji) na kisanduku kile kikiwa na alama yake. Kila ua likatoka 115.2. Ukilitazama moja husemi kitu. Ukifika la tano umepotea kwa milimita 24, na mwisho wa ubao umepungukiwa na 72. Mzee akalaza futi yake juu ya karatasi, akanitazama, akasema: "Mwanangu, karatasi hii yanena urongo." Alipima kabla ya kushika patasi. Asingepima, mbambakofi haina kitufe cha kurudisha nyuma.

Baada ya hapo, nani atamlaumu akisema kompyuta si ya kazi yake?

VISINGIZIO

"Watu wengi wanachapa barua." Sawa, basi programu ya barua ipunguze. Programu ya kuchorea vitu vya kujengwa haina sababu ya kuiga.

"Printa haifiki ukingoni." Kweli, na dawa yake ni kugawa mchoro kwenye karatasi nyingi zinazopandana kidogo. Kuuminya si dawa.

"Nenda kwenye printa kubwa Mombasa." Boti hadi Mokowe, halafu zaidi ya kilomita 300 za barabara, kisha ukute huko nako mtu amebofya "Fit"!

NINACHODAI

1. Programu ya kuchorea ichape asilimia 100 bila kuombwa. Mwenye kutaka kupunguza ndiye abofye, na asilimia iandikwe kwenye karatasi.

2. Kila ukurasa uwe na mraba wa milimita 100 kwa 100. Upimwe pande zote mbili, maana printa huweza kukosea urefu peke yake wakati inavuta karatasi.

3. Faili la PDF liseme lenyewe kwamba halitaki kupunguzwa. Njia ipo tangu PDF 1.6 ya mwaka 2004: katika ViewerPreferences unaandika PrintScaling kuwa None. Neno moja! Si kila programu inalitii, lakini kutoliandika ni uvivu tu.

4. Dirisha la kuchapa liseme Kiswahili: "Ukubwa halisi". Tangu Jambo OpenOffice ya 2004, iliyotokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuna anayeweza kudai kwamba Kiswahili hakiwezi kukaa ndani ya programu.

Wewe unayechapa leo, usingoje. Chagua "Actual size" au asilimia 100, chora mraba wako mwenyewe pembeni, chapa ukurasa mmoja tu, upime, ndipo uchape iliyobaki. Na pima tena siku ya kukata, kwa sababu karatasi hufura kwa unyevu, na pwani yetu unyevu si haba.

Na wewe unayeandika programu, jaribio ni moja. Chapa mchoro wako, mpelekee fundi, na umwache aweke futi yake juu. Kama hujiamini kusimama hapo akipima, programu yako bado haijawa tayari.