Ubao Mfupi kwa Wimbi Dogo

Watu wa Kitengela hunicheka nikizungumza habari za mawimbi, na huku ng'ombe wa Kajiado wanapita mlangoni. Lakini mto Athi upitao jirani yetu ndio huo huo Sabaki unaomwaga tope kaskazini ya Malindi. Matumbawe hayapendi tope wala maji matamu. Ndiyo sababu ghuba ile haina ukuta wa mwamba kama Diani, na wakati wa kusi wimbi hufika mpaka ufukoni. Hufika, lakini limechoka.

Mpwa wangu amedunduliza fedha mwaka mzima anunue ubao wa kupandia mawimbi. Ijumaa, tulipotoka msikitini, akanionyesha picha: futi 6 na inchi 4, mwembamba, pua imechongoka.

"Mjomba, huu ndio wa mabingwa wa Hawaii."

Mimi nasema hapana. Wimbi dogo halina nguvu ya kukusukuma. Ubao mwembamba huzama chini ya kifua chako, nawe wabaki kupiga mikono huku wimbi limekwisha kupita. Achukue wa futi 5 na nusu, mpana, mnene, usiopinda sana. Unene na upana ndio humfanya mtu aelee, nao huhesabiwa kwa lita. Kwa kijana wa kilo 70, lita 35 si nyingi. Ufupi humwezesha kugeuka penye nafasi finyu. Steve Lis wa San Diego alichonga wa namna hiyo, mkia kama wa samaki, mwaka 1967.

Kijana kanuna. Picha yake bado imo mfukoni.