AFYA NYUMBANI: KIKOHOZI KIKAVU CHA MTOTO

Jilaal, yaani kiangazi cha mwanzo wa mwaka, huleta vumbi jingi Balambala, na mtoto alalaye karibu na moto wa kuni huvuta vumbi mchana na moshi usiku. Basi si ajabu mafua madogo yakimwachia kikohozi kikavu kisichotoa makohozi. Kumhamishia mbali na moshi huo ni nusu ya matibabu.

Viungo vya kutuliza koo havikujulikana leo. Katika Ayurveda, elimu ya uganga ya kale ya Bara Hindi, iko dawa ya unga iitwayo sitopaladi. Hutengenezwa kwa sukari, iliki, mdalasini, pilipili ndefu na chembe nyeupe zipatikanazo ndani ya mwanzi, nayo hulambwa pamoja na asali. Msomaji ataona ya kuwa iliki na mdalasini ndivyo vitiwavyo katika chai ya Kisomali.

Katika hivyo vyote, asali ndiyo iliyopimwa vizuri. Mwaka 2007 madaktari wa Pennsylvania, Marekani, walitangaza habari za watoto 105 wenye kikohozi: waliolambishwa asali kabla ya kulala walipata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Wa miaka miwili hadi mitano walipewa nusu kijiko cha chai. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kwa ncha ya kidole, kwani huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho humea katika utumbo wake na kumlegeza mwili hata ashindwe kuvuta pumzi. Huyo anyonyeshwe mara kwa mara. Aliyepita mwaka aweza pia kunywa maji vuguvugu yaliyochemshwa kwa kipande cha tangawizi.

Poda za makopo ni jambo jingine. Mwaka 2004, katika dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na ile desturi ya kumkata mtoto kilimi ili kikohozi kiishe, ambayo bado ipo sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, haiponyi kikohozi. Huleta damu na usaha.

Asali hutuliza koo tu, haitibu pafu. Kwa hiyo mzazi na ahesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, dakika moja nzima; asiye na saa atatumia simu. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya homa ya mapafu. Kadhalika kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali siku ile ile, wala asingojewe asubuhi. Mchanga wa chini ya miezi miwili apelekwe bila kungojea hesabu. Kikohozi kipitacho majuma mawili hupimwa kifua kikuu.