Akiba ya Mfanyakazi Ni Ngao Yake

Kila mwisho wa mwezi mishahara hulipwa, na kabla ya mwezi unaofuata kufika katikati, wafanyakazi wengi huwa wameanza tena kukopa. Jambo hili limekuwa la kawaida mno hata hapana anayelistaajabia. Sisi twaona kuwa ni la kustaajabiwa, tena la kuogopwa. Mtu afanyaye kazi miaka 35, na kila mwezi akaupokea mshahara ambao tayari si wake, huyo jasho lake lote amewatolea wakopeshaji.

Tutaambiwa kwamba mishahara haitoshi. Ni kweli, na kudai mishahara ya haki ni kazi ambayo vyama vya wafanyakazi havina budi kuifanya bila kuchoka. Wala asitokee mwajiri wa kuyachukua maneno yetu haya akayafanya kisingizio cha kuwanyima watu haki yao. Lakini mshahara ukipanda leo, na desturi yetu ya kutumia ikabaki ile ile, nyongeza hiyo itamezwa na deni kama maji yanavyomezwa na mchanga.

Tuanze na adui aliye karibu. Mitaani kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu", na jina hilo si la mzaha. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa sharti la kurudisha 130,000 baada ya mwezi. Mwezi ukiisha hulipa riba tu, yaani 30,000, na deni hubaki pale pale. Akiendelea hivyo kwa miezi 12, atakuwa ametoa shilingi 360,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Hapo ndipo vinapochukuliwa vitanda, majiko na cherehani za watu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Basi kabla ya kutia saini, ni wajibu wa kila mtu kuuliza leseni iko wapi na riba ya mwaka mzima ni kiasi gani.

Sasa tutazame upande wa pili, maana riba ile ile imkaushayo mkopaji humnenepesha mwenye akiba. Kijana wa miaka 25 akiweka shilingi 30,000 kila mwezi kwa miaka 30, mahali panapompa asilimia 10 kwa mwaka, na faida yake akaiacha nayo izae, atakuwa ametoa mfukoni shilingi milioni 10.8. Siku atakapotimiza miaka 55 atakuta karibu milioni 68. Mwenzake akingoja mpaka afike miaka 35 ndipo aanze, kwa kiasi kile kile na kwa faida ile ile, atakuta karibu milioni 23. Aliyechelewa ameokoa shilingi milioni 3.6 tu za michango, naye amepoteza milioni 45. Tena bei za vitu zitakuwa zimepanda katika miaka hiyo, na milioni ya siku hiyo haitanunua kama ya leo. Lakini hiyo ni sababu ya kuwahi, wala si sababu ya kukata tamaa, kwani fedha iliyofichwa chini ya godoro hupungua thamani kila mwaka.

Je, ni wapi pa kuweka? Viko vyama vya akiba na mikopo kazini, ambako wanachama hukopeshana kwa masharti waliyoyapanga wao wenyewe. Upo Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 ili watu wa kipato kidogo waunganishe fedha zao. Ziko hati fungani za Serikali, ambazo humlipa mwenye nazo kila baada ya miezi sita. Na lipo Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kazi mwaka 1998. Mwaka 2008 hisa za Benki ya NMB ziliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 600 kila moja. Mwaka 2024 ulipokwisha, hisa hiyo ilikuwa imepita shilingi 5,000. Hata hivyo hisa hupanda na hushuka, na anayehitaji fedha zake mwakani asiziweke huko.

Wako wenzetu ambao neno hisa huwatia shaka. Wanakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, nao wanauliza kama mfanyakazi mwenye hisa hajageuka bepari. Swali hili ni la heshima na lastahili jibu. Miiko ile iliwalenga viongozi, ili mwenye madaraka asiyatumie kujitajirisha, nayo ililegezwa mwaka 1991 huko Zanzibar. Lakini hata katika siku zile hapana aliyemwambia mkulima asiwe na sehemu yake katika ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu mwaka 1933, kilichojengwa kwa vijisenti vya wengi. Mfanyakazi anayeweka sehemu ya jasho lake katika kiwanda au benki ya nchi yake hamnyonyi mtu. Kama wananchi hawatazinunua hisa hizo, watazinunua wengine, na faida itakwenda kwao.

Hata hivyo twaonya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapana kibaba kijazwacho kwa siku moja. Wengi hawajasahau DECI, iliyowaambia watu "wapande mbegu" wavune maradufu kwa muda mfupi, mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na watu wakabaki wakililia mbegu zao. Mtu akiahidi faida kubwa ya haraka isiyo na hatari, huyo anataka fedha yako, na kumlipa wa kwanza hutumia fedha ya wa mwisho.

Mwisho, tuna neno kwa waajiri. Sheria yataka jumla ya asilimia 20 ya mshahara ipelekwe katika mfuko wa hifadhi ya jamii, na ili mtu apate pensheni ya uzeeni lazima awe amechangiwa miezi isiyopungua 180. Mwajiri anayemkata mfanyakazi kisha asipeleke, amemwibia mzee ambaye bado hajazeeka. Kila mfanyakazi na aiulizie michango yake sasa, asingoje siku ya kustaafu. Nayo matawi yetu na vyama vya wafanyakazi yafaa viweke somo la akiba katika mikutano yao ya kawaida, maana mtu asiye na deni hana hofu ya kudai haki yake mbele ya bwana mkubwa, bali mwenye kudaiwa huinamisha kichwa.

Akiba haiozi. Mshahara wa mwezi huu ukifika, tutenge kwanza, ndipo tutumie.