TAHARIRI: Shoti ya kaunta inawamaliza vijana wetu

Saa tatu usiku pale Mbagala Rangi Tatu utawaona wakishuka kwenye daladala, miguu imevimba, sare ya duka imekunjwa ndani ya begi. Ni vijana wa kaunta. Wamesimama tangu saa mbili asubuhi. Muulize mmoja wao nini kinamnyima usingizi, hatakutajia miguu. Atakwambia shoti.

Kwa wasiojua (na viongozi wengi hawajui, maana hawajawahi kukaa kaunta), shoti ni ile hela inayopungua jioni mkifunga hesabu. Mteja kakuonyesha meseji feki ya muamala, foleni ilikuwa ndefu ukazidisha chenji, bidhaa imeibwa rafu ya nyuma na wewe uko peke yako dukani. Yote yanaingia kwenye daftari, mwisho wa mwezi yanakatwa kwako. Kijana analala anapiga hesabu, anaamka anapiga hesabu.

Hapa tuwavulie kofia vijana wenyewe. Tandika, Mwananyamala, Tegeta, kote hadithi ni moja: wa zamu moja wanachangishana, huyu buku mbili, yule buku tano, shoti inazibwa kabla bosi hajafika. Mmoja akilemewa mwenzake anamwambia, "Nenda stoo ukae kidogo, nakushikia kaunta." Huo ndio ushauri nasaha pekee walio nao, na unasaidia kuliko semina nyingi za "vijana jiongezeni". Asiye na wenzake wa hivyo anakimbilia mkeka, au mkopo wa kausha damu, na hapo msongo unazaa msongo.

Lakini tuseme ukweli. Ule mchango ni hasara ya biashara inayobebwa na watu wenye mshahara mdogo kuliko wote mle ndani. Kima cha chini cha sekta ya biashara kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi tangu Julai 2013. Kikaja kuguswa Januari 2023, kikawa 150,000. Karibu miaka 10, nyongeza 35,000! Halafu humo humo mtu akatwe shoti ya 60,000.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu uhuni huu. Kifungu cha 28 kinataka mfanyakazi akubali makato kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake, mwajiri aandike chanzo na kiasi cha deni, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya zile 150,000 za 2023 ni 37,500, tena hapo ni kama kosa ni lake kweli. Sheria hiyo hiyo inaweka saa 9 za kazi kwa siku na 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu. Maofisa kazi wapo kisheria. Lini ulimwona mmoja kwenye minimaketi ya mtaani kwako? Wa TRA tunawaona, wanauliza risiti ya EFD. Kumbe serikali ikitaka kuingia dukani mlango inaujua.

Na sisi tusijitoe. Mikutano ya hadhara imeruhusiwa tena tangu Januari 2023, tumehutubia sana, lakini tunaitisha vikao Jumamosi alasiri, saa ambayo muuza duka ndiyo kwanza anazidiwa na wateja. Kisha tunalalamika vijana hawana mwamko.

Tunachotaka kwa kila tawi la Kinondoni na Temeke ni kijana mmoja, hata wa form four, aliyekisoma kifungu hicho akakielewa, wa kumsindikiza mwenzake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Aliyefukuzwa ana siku 30 tu za kulalamika, migogoro mingine siku 60, na wengi wanachelewa kwa sababu hakuna aliyewaambia. Chama cha wafanyakazi cha TUICO nacho kinahusu sekta ya biashara, waulizeni wenzenu kama kuna aliyejiunga.

Wewe uliyeko kaunta sasa hivi, jina lako likiandikwa kwenye daftari la shoti, piga picha ukurasa huo siku hiyo hiyo. Na vikao vya matawi vihamie usiku, maduka yakishafungwa, hata kama wazee wa chama watanung'unika.