Mradi mkubwa wa maji hautaziba bomba la nyumbani

Na Salehe Mhina

Maji ya bomba ya mji wa Handeni hutoka mbali. Tangu miaka ya 1970, ulipojengwa mradi ambao wenyeji wanaujua kwa herufi tatu, HTM, maji huchotwa Mto Pangani upande wa Korogwe, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye mji ulioinuka mamia ya mita juu ya mto. Lita moja inayofika kwenye koki ya Chanika mjini humo imekwisha kulipiwa umeme, dawa ya kutibu maji na jasho la watumishi. Korogwe iko jirani na mto, lakini nako maji lazima yachotwe, yatibiwe na yasambazwe kabla ya kufika Manundu au Kilole. Yakipotelea ardhini kwa sababu ya washa iliyolika au kiungio kilicholegea, gharama yote hiyo hupotea pamoja nayo.

Upotevu wa maji ni tatizo la nchi nzima. Kiasi cha theluthi moja ya maji yanayozalishwa na mamlaka za mijini hupotea bila kulipiwa, ilhali kiwango kinachovumilika kinahesabiwa kuwa asilimia 20. Ndani ya hesabu hiyo kuna mabomba ya barabarani yaliyopasuka, maunganisho ya wizi na dira zilizochakaa. Mivujo iliyo ndani ya nyumba, baada ya dira, haimo. Hiyo tayari imelipiwa, na aliyeilipia ni mwenye nyumba au mpangaji wake. Kwa utaratibu wa mamlaka za maji, bomba linaloishia kwenye dira hutunzwa na mamlaka, na linaloanzia hapo kuingia ndani hutunzwa na mteja. Kwa hiyo mvujo wa nyumbani hauna mtu mwingine wa kuusubiri.

Ukubwa wa hasara hupimika kwa urahisi. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku, yaani ndoo moja kamili. Kwa mwezi ni ndoo 30, zaidi ya nusu ya uniti, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000 au ndoo 50. Tundu la bomba lenye upana wa milimita 1.5, ambalo mtu anaweza kulifunika kwa ncha ya kidole, hutoa lita zaidi ya 2,000 kwa siku pale msukumo unapofika bar 3. Hizo ni uniti mbili kila siku na uniti 60 kwa mwezi. Tukichukua mfano wa bei ya shilingi 2,000 kwa uniti, tundu hilo peke yake linaandika ankara ya shilingi 120,000. Familia nyingi za Handeni na Korogwe hazitumii hata robo ya maji hayo kwa kupika, kufua na kuoga.

Hasara haiishii kwenye fedha. Nyumba nyingi za wilaya hizi zimejengwa kwa matofali ya kuchoma au ya udongo, na msingi unaolowa kila siku hudidimia, ukuta ukapata nyufa na mchwa wakaufuata unyevu. Dimbwi lisilokauka nyuma ya choo huzalisha mbu. Kubwa kuliko yote ni usalama wa maji yenyewe. Mahali penye mgao, bomba hubaki tupu kwa saa au siku kadhaa. Maji yakikatika, tundu lililokuwa likitoa maji hugeuka kuwa mlango wa kuingiza. Bomba hunyonya tope lililolizunguka, na kama limepita karibu na shimo la choo, hunyonya uchafu wake. Maji yakirudi, wa kwanza kuyanywa huyanywa pamoja na vijidudu vya kuhara na vya homa ya matumbo. Hapo kuziba mvujo ni kinga ya afya sawa na kuchemsha maji.

Kazi ya kutafuta mvujo huanzia kwenye dira. Tarakimu nyeusi huonyesha uniti kamili, na nyekundu huonyesha vipande vya uniti. Dira nyingi zina pia kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Koki zote za nyumba zifungwe, mtu yeyote asitumie maji, kisha kigurudumu kitazamwe. Kikizunguka, maji yanapita mahali ambapo hakuna aliyeyaruhusu. Kikisimama, namba zote ziandikwe, zikiwamo nyekundu, na zisomwe tena baada ya saa moja au mbili, kwa sababu mvujo mdogo huweza kusogeza namba bila kigurudumu kuonyesha mwendo wa wazi.

Katika mji wenye mgao kipimo hiki kinahitaji uangalifu wa aina mbili. Kwanza, kisifanywe dakika ambayo maji yanarudi, maana hewa iliyomo bombani husukuma dira na kuonyesha mvujo usiokuwapo. Maji yaachwe yatulie kwanza. Pili, tenki la akiba liwe limejaa na koki yake ya kuingizia ifungwe. Tenki linaloendelea kujaa huzungusha dira kama bomba lililopasuka, na fundi anaweza kuchimba ua mzima bure.

Dira ikithibitisha mvujo, hatua inayofuata ni kuugawa. Nyumba yenye koki kuu mahali bomba linapoingia ndani hurahisisha kazi. Koki hiyo ifungwe na dira itazamwe tena. Ikiendelea kuzunguka, mvujo uko ardhini kati ya dira na nyumba. Ikisimama, mvujo uko ndani. Nyumba isiyo na koki kuu inastahili kuwekewa moja, kwani bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kuvunja sakafu kwa kubahatisha.

Ndani ya nyumba, mshukiwa wa kwanza ni choo cha kuvuta. Mpira unaoziba chini ya tangi lake ukichakaa, maji hushuka kwenye bakuli kimya kimya usiku na mchana. Kipimo chake hakihitaji fundi. Rangi ya chakula, au kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, imiminwe ndani ya tangi na choo kisitumike kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, mpira ubadilishwe. Boya nalo lichunguzwe. Likikaa juu mno, maji hupita kwenye bomba la kumwagia ziada bila kukoma. Mara nyingi dawa yake ni kulishusha kidogo tu.

Mshukiwa wa pili ni tenki la akiba, ambalo karibu kila nyumba inayojiweza Handeni inalo kwa sababu ya mgao. Boya la tenki likikwama, maji yanayokuja usiku wa manane hujaza, hufurika na kumwagika hadi alfajiri wakati wenyewe wamelala. Ukuta wa tenki wenye michirizi au ukoga wa kijani ni ushahidi wa kufurika. Ili kujua kama tenki lenyewe linavuja, koki za kuingiza na kutoa zifungwe jioni, usawa wa maji uwekewe alama, na asubuhi upimwe. Kwenye tenki lenye upana wa mita moja, kila sentimita inayoshuka ni karibu lita nane. Kama usawa haukushuka koki ya kutoa ikiwa imefungwa, lakini unashuka ikiwa wazi na hakuna anayetumia maji, kosa liko kwenye mabomba ya ndani.

Mshukiwa wa tatu ni bomba la ardhini, na ndilo gumu zaidi. Kiangazi huwa msaidizi mzuri. Miezi ambayo Handeni yote imekauka, ukanda mdogo wa nyasi za kijani uani, sehemu ya udongo inayobaki na unyevu, au njia ya siafu na mchwa inayoelekea mahali pamoja huonyesha bomba linapovuja. Usiku wa utulivu, fimbo ndefu ya chuma ikisimikwa juu ya njia ya bomba na sikio likawekwa juu yake, sauti ya maji yanayochuruzika husikika. Mafundi hupima hivi sehemu kadhaa na kuchimba palipo na sauti kubwa zaidi. Chanzo cha kawaida ni bomba lililozikwa juujuu. Mvua za masika huondoa udongo, jua hukausha plastiki hadi ikawa rahisi kuvunjika, kisha jembe au gurudumu la bodaboda humaliza kazi. Bomba la kuingia nyumbani lizikwe kina cha sentimita 45 hadi 60, mbali na mizizi ya miembe na mbali zaidi na shimo la choo.

Matengenezo hutegemea kilichoharibika. Koki inayodondosha mdomoni hata ikikazwa huwa imelika washa. Maji yafungwe kwenye koki kuu, kichwa cha koki kifunguliwe kwa spana, washa ya mpira itolewe na mpya ya kipimo kilekile iwekwe. Washa ni kifaa cha bei ndogo kabisa katika duka la vifaa vya ujenzi. Kuikaza koki kwa nguvu badala ya kubadili washa huharibu kikalio cha shaba kilicho ndani, na hapo koki nzima hulazimika kununuliwa upya. Koki inayovuja kwenye shina, chini ya mshikio, huhitaji kukazwa nati yake au kuzungushiwa tepu mpya.

Viungio vya bomba la chuma huvuja pale meno yake yanapokuwa hayakuzibwa vizuri. Mafundi wa zamani walizungusha nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya mafuta, na katika Korogwe ya mashamba ya mkonge nyuzi hizo hazikuwa za kutafutwa. Siku hizi wengi hutumia tepu nyeupe. Kwa njia yoyote, uzi au tepu izungushwe kufuata upande wa kukazia, la sivyo hujifungua wakati kiungio kinapofungwa. Bomba la chuma lililooza kwa kutu katika sehemu kadhaa halifai kubandikwabandikwa. Libadilishwe lote.

Bomba la plastiki la kubandika kwa gundi hukatwa sehemu mbovu na kuungwa kwa soketi. Ncha zisuguliwe kwa msasa, zifutwe zikauke, gundi ipakwe pande zote mbili, kisha maji yasubiri saa kadhaa kabla ya kufunguliwa. Mafundi wengi hukosea hapa kwa kufungua maji mapema ili waonyeshe kazi imekwisha. Mabomba yanayoungwa kwa moto yanahitaji mashine yake na fundi anayeijua. Kufunga ukanda wa mpira wa baiskeli juu ya ufa kunafaa kwa usiku mmoja, mpaka duka lifunguliwe asubuhi. Baada ya kila matengenezo, maji yaachwe yatiririke kwenye ndoo za kufulia au kumwagilia mpaka yawe safi, kisha kipimo cha dira kirudiwe. Kazi isiyothibitishwa na dira haijakamilika.

Ugumu mkubwa mara nyingi uko kwenye umiliki kuliko ufundi. Katika nyumba za kupanga, dira moja hutumiwa na vyumba vingi, na ankara hugawanywa kwa vichwa. Mvujo ukiongeza ankara, kila mpangaji hubeba sehemu ndogo, hakuna anayeona ni wajibu wake, na mwenye nyumba anayeishi mbali haoni chochote. Makubaliano ya upangaji yanapaswa kutaja wazi kwamba mabomba na tenki ni mzigo wa mwenye nyumba, na kwamba mpangaji ana wajibu wa kutoa taarifa. Hali hiyohiyo ipo shuleni, kwenye zahanati, sokoni na kwenye sehemu za kutawadhia misikitini, ambako koki ni ya wote na kwa hiyo si ya yeyote. Kila taasisi iteue mtu mmoja wa kusoma dira jioni na asubuhi. Mvujo ulio kabla ya dira au barabarani utolewe taarifa kwa mamlaka ya maji siku hiyohiyo, na mamlaka iufikie kabla wananchi hawajakata tamaa ya kupiga simu.

Haya yote yana uzito mpya sasa. Juni 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kutoka Benki ya Exim ya India, na Handeni na Korogwe zimo. Ni mradi ambao watu waliobeba ndoo kichwani kwa miaka mingi wana haki ya kuufurahia. Lakini maji mengi zaidi yatapita katika mabomba yaleyale ya majumbani, kwa saa nyingi zaidi na kwa msukumo mkubwa zaidi. Msukumo ukiongezeka mara nne, maji yanayotoka kwenye tundu lilelile huongezeka mara mbili, na kiungio kilichokuwa kikitoa jasho tu huweza kupasuka. Nyumba iliyozoea maji ya siku mbili kwa wiki haijui mabomba yake yanavuja kiasi gani, kwa sababu hayajawahi kujaribiwa.

Mkopo huo utalipwa na Watanzania wote, wakiwamo ambao bado hawana bomba. Mwenye bomba Handeni au Korogwe anadaiwa kitu kimoja kisichozidi uwezo wake. Asome dira yake leo usiku kabla ya kulala, aisome tena alfajiri, na namba ikiwa imesogea, amwite fundi kabla ya wiki kwisha.