UCHAMBUZI: Vifo vya watu wazima vingali kitendawili

KENYA inajua vyema idadi ya watoto inaowapoteza. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu (KDHS) wa 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Hesabu hiyo ilitoka vinywani mwa akina mama, nao hawamsahau mwana waliyemzika.

Je, ni nani atakayeulizwa habari za mtu mzima? Kijana aliyepanga chumba peke yake Mukuru akifariki, chumba hupata mpangaji mwingine na karani wa sensa hapati wa kumsimulia habari zake.

Sheria inataka kila kifo kisajiliwe. Anayefia hospitalini huandikwa huko huko. Anayefia nyumbani hungoja jamaa zake wafike kwa naibu wa chifu. Wenye haraka ya kufika ni wale walioachiwa shamba, pensheni au akaunti ya benki, maana bila cheti cha kifo urithi hausongi. Maskini hana wa kumfuatilia cheti.

William Brass, Mskoti aliyefanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki kuanzia 1948, alikuja kupendekeza njia ya kulizunguka pengo hilo: muulize aliye hai iwapo mama yake na baba yake wangalipo. Kwa kuzingatia umri wa anayejibu, wataalamu hukadiria kasi ya vifo vya wazazi. KDHS nayo ikauliza kuhusu ndugu wa tumbo moja.

Ni maswali ya busara, ila Ukimwi uliyaumbua. Mama aliyemwambukiza mwanawe mara nyingi alifuatwa kaburini na mwana huyo, asibaki wa kuulizwa. Ukoo uliokwisha wote hauna ndugu wa kujibu. Hivyo hesabu hupungua pale pale msiba ulipozidi.

Covid-19 ilitufumania hivyo hivyo. Serikali ilitangaza vifo zaidi ya 5,600, yaani vile tu vilivyothibitishwa. Wangapi walizikwa bila kupimwa? Kwa kukosa daftari kamili la miaka ya kawaida, tumebaki na makadirio.

Huko Kilifi, Siaya na mitaa ya Korogocho na Viwandani, watafiti wamezuru boma baada ya boma kwa miaka mingi na kuwahoji jamaa kuhusu dalili za marehemu. Takwimu zao ni za kuaminika, lakini Siaya haiwezi kuisemea Mandera.

Kwa maoni yangu, sehemu ya fedha za tafiti hizi ingemfaa zaidi naibu wa chifu. Matangani yeye hufika tayari. Afike na fomu, asingoje kufuatwa afisini.